Kipeuo cha muda na mafuta ya haboba

Wiki iliyopita usiku nilikuwa nimetandaza makaratasi ya faili yangu ya kuomba cheo, yaani ile ya kutoka mhadhiri mwandamizi kwenda profesa mshiriki, na kama umewahi kufanya kazi chuo chochote hapa Uganda unaijua hiyo faili ilivyo, machapisho yako yote, wanafunzi uliowasimamia, semista ulizofundisha, kamati ulizokaa, kila kitu na nakala zake na mihuri yake. Meza ikajaa nikahamia chini kwenye mkeka. Mama alikuwa amekuja na basi kutoka Arua kuona wajukuu, akaokota makala moja akaigeuza huku na huku, halafu akaniuliza swali ambalo nadhani amelibeba miaka mingi bila kulitoa.

"Mwanangu, watu wakiniuliza huwa nasema binti yangu anafundisha dawa chuo kikuu. Lakini hasa hasa unafundisha nini?"

Nikamwambia mama, nafundisha vile dawa inatoka ndani ya kidonge.

"Kwani huwa imefungwa?"

Jamani, nimefundisha miaka 13 na hakuna mwanafunzi amewahi kuniuliza hivyo. Ndiyo mama, imefungwa. Na kazi yangu yote iko hapo, kujua imefungwa na nini, itafunguka saa ngapi, na itafungukia wapi. Faili nikaiacha palepale chini tukaongea mpaka karibu saa saba usiku, na leo naandika kwa sababu naona watu wengi hawajui kwamba kuna maprofesa ambao maisha yao yote ya kazi yamezunguka hilo swali la mama, na nataka sana vijana wetu wajue ni swali linalotosha maisha ya mtu.

Somo linaitwa famasutikisi. Watu hulichanganya na famakolojia. Famakolojia inauliza dawa ikishaingia inaufanyia nini mwili, sisi tunauliza ya kabla ya hapo, hii poda inaingiaje? Chukua tableti ya paracetamol ya miligramu 500, iweke kwenye mizani, utakuta inazidi hizo 500. Kilichozidi ni wanga wa kuifanya ipasuke ikikutana na maji, ni kitu cha kuishikanisha isivunjike njiani kwenye boda, ni kilainishi kidogo sana isigande kwenye mashine. Kila kimoja mtu alikaa akakichagua na kukipima. Akikosea, jina kwenye boksi ni lile lile, miligramu ni zile zile, lakini mgonjwa hapati kitu, au anapata kupita kiasi.

Kupita kiasi ndiko kunakonitisha zaidi. Kila mwaka wiki ya kwanza nawapa wanafunzi kisa cha phenytoin ya Australia, mwaka 1968. Phenytoin ni dawa ya kifafa. Wagonjwa waliokuwa wametulia vizuri na dozi yao wakaanza kuyumba wakitembea, macho yanacheza, usingizi mzito, dalili zote za sumu, na hakuna aliyeongezewa dozi. Kumbe kilichobadilishwa ni kijazio tu ndani ya kapsuli, kile kitu cha kujaza nafasi, kilikuwa kalsiamu salfeti wakaweka laktosi. Laktosi, sukari ya maziwa! Kumbe kalsiamu ilikuwa inazuia sehemu ya dawa isifyonzwe, na ilipoondolewa dawa ikaanza kuingia mwilini zaidi ya ilivyozoeleka, na phenytoin ina tabia mbaya, ini likishalemewa nayo ukiongeza kidogo tu kiwango kwenye damu kinaruka. Darasa huwa kimya hapo. Nawaacha wakae na hicho kimya kwanza kabla sijaendelea, kwa sababu mtu aliyebadilisha kijazio hakuwa na nia mbaya, alikosa mtu wa kumuuliza.

Mama akasema sasa huyo mtu wa kumuuliza ndiye wewe. Nikamwambia ndiye mimi najaribu kuwa, lakini kuna mwalimu wa walimu wetu, nikamtafutia picha kwenye simu.

Anaitwa Takeru Higuchi. Amezaliwa 1918 Los Altos, California, wazazi wake ni wahamiaji kutoka Japani, wakulima. Akasoma kemia Berkeley akamaliza 1939, akaenda Wisconsin akapata udaktari wake wa kemia 1943. Sasa hiyo miaka iangalie vizuri. Februari 1942 rais wa Marekani alitia sahihi amri iliyofanya watu wenye asili ya Japani walioishi pwani ya magharibi watolewe majumbani mwao wafungiwe kambini, watu kama 120,000 hivi, na wengi wao walikuwa raia kabisa waliozaliwa palepale. Wazazi wa Higuchi wakachukuliwa pamoja na mdogo wake William, mtoto wa kama miaka 11, wakapelekwa kambi ya Heart Mountain huko Wyoming. Yeye alikuwa Wisconsin, mbali na pwani, kwa hiyo hakuguswa na hiyo amri. Anaandika tasnifu ya kemia huku nyumbani kwao hakuna mtu, watu wa nyumbani wako nyuma ya waya.

Mama alinyamaza. Nyie mnaojua historia ya West Nile, kule kwetu kaskazini-magharibi mwa Uganda alikotoka Idi Amin, mtaelewa kwa nini. Amin alipoanguka 1979 na kisasi kikafuata, watu wetu walikimbia kwa maelfu, wengine Zaire, wengine Sudan. Mama alikuwa msichana, wakavuka na haboba, yaani mama yake yeye, wakaishi kambi upande wa Yei, ambako leo ni Sudan Kusini, na mimi nimezaliwa huko huko. Shule ya mama iliishia njiani. Kiswahili kilichokuwa kimeshikanisha nyumba yetu, cha babu askari, ndicho hiki naandika nacho sasa. Kwa hiyo mama hakuhitaji nimweleze kambi ni nini. Aliuliza kitu kimoja tu, "Na akaendelea kusoma?" Akaendelea mama. Na yule mdogo wake aliyekua kambini, William, naye akaja kuwa profesa wa famasutikisi, Michigan na baadaye Utah. Ndugu wawili, somo moja.

Baada ya udaktari Higuchi alienda Akron, Ohio, kwenye mradi wa vita wa kutengeneza mpira bandia. Hapo wasimuliaji wengi hupita haraka, mi nasimama. Mpira ni kitu laini ambacho vitu vingine vinapita ndani yake polepole, na nadhani mtu aliyekaa miaka akiwaza vile molekuli zinavyotambaa ndani ya kitu laini hawezi kuangalia kopo la marhamu kama wengine wanavyoliangalia. Hilo ni wazo langu, lakini nalishikilia.

1947 akaingia shule ya famasia ya Wisconsin kama profesa msaidizi. Ujue famasia wakati huo ilikuwa bado sana ni ufundi wa mikono, kusaga na kuchanganya na kukoroga, mwanafunzi anakariri mapishi. Mtu wa kemia safi kuhamia huko wenzake wengi wangemwona ameshuka. Yeye akaleta hesabu mle ndani, akauliza kwa nini kitu hiki kinayeyuka na kile hakiyeyuki, kwa nini dawa inaharibika kwenye chupa, kwa kasi gani. Akakaa Wisconsin miaka 20, wanafunzi wake wakatawanyika vyuoni na viwandani, na 1967 akahamia Chuo Kikuu cha Kansas, mji wa Lawrence, akakijenga kile chuo kikawa jina kubwa katika hili somo. Huko ndiko aliposukuma sana habari za dawa-tangulizi, yaani unaificha dawa kikemia ndani ya molekuli nyingine ili ipite mlangoni, halafu mwili wenyewe unaivua koti. Alifariki 1987. Wanamwita baba wa famasia ya kifizikia na hakuna anayebishana.

Lakini kilichomfanya ajulikane mpaka kwenye maabara ya chuo cha Uganda ambako maji ya bomba yanatoka siku yanapotaka, ni makala fupi ya 1961. Na ile makala inazungumzia nini? Marhamu. Dawa ya kupaka. Swali lake: ukiwa na marhamu ambayo ndani yake dawa imetawanyika kama chembechembe, hizo chembe zitatoka kwa kasi gani?

Mtu wa kawaida atasema saa ya kwanza zikitoka miligramu 10, saa ya nne zitakuwa 40. Higuchi akaonyesha kwamba hapana, zitakuwa 20. Saa ya 9 zitakuwa 30. Saa ya 16 zitakuwa 40. Kinachotoka kinafuata kipeuo cha pili cha muda, yaani ile namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata muda, sio muda wenyewe. Nilikuwa natafuta namna ya kumweleza mama sababu yake, nikaanza kuchora mistari nyuma ya karatasi, dawa ya juu inatoka kwanza, iliyobaki iko chini zaidi, njia inarefuka, na kabla sijamaliza mama akasema:

"Kama kuni za kambini."

Nikaacha kuchora. Akasema tulipofika Yei mwanzo kuni ulikuwa unaokota nyuma ya nyumba tu, unarudi chai haijachemka. Mwaka wa pili unafika mtoni. Mwaka wa tatu unatoka alfajiri unarudi jua limesimama, na mzigo ni ule ule. Mikono ni ile ile mwanangu, ila msitu umesogea.

Niwaambie ukweli, nimesoma maelezo ya hiyo fomula kwenye vitabu vingi vizito na sijakutana na maelezo mazuri kuliko hayo. Mpaka unaosogea nyuma, ndivyo vitabu vyenyewe vinasema. Kuanzia muhula ujao nafundisha na kuni.

Sasa kwa nini yote haya yananikaa moyoni wakati nina faili ya kujaza. Kwa sababu faili inaniuliza machapisho mangapi, pointi ngapi, na sina shida na hilo, lazima kuwe na kipimo. Ila wanafunzi wangu bora wanakuja ofisini wananiuliza, mwalimu, nikibaki kwenye famasutikisi nitakula nini? Makerere ilianza shahada ya ufamasia 1988, Mbarara wakafuata, na leo vyuo ni zaidi ya hivyo na kila mwaka wahitimu wanatoka. Wengi wanafungua famasi mjini au wanaingia mashirika, na siwalaumu hata kidogo, mtu ana wadogo wa kulipia karo. Lakini wanaobaki kuuliza dawa inafunguka vipi ni wachache mno, na nchi hii inawahitaji vibaya. Dawa zetu nyingi zinatoka nje. Viwanda vya hapa vipo, cha Luzira jijini Kampala kinatengeneza dawa za ukimwi na malaria, na viwanda vinahitaji watu wa kutengeneza mchanganyiko, watu wa kusema hapana usibadilishe kijazio hicho kabla hatujapima.

Halafu kuna joto. Dawa hupimwa ikae kwenye kabati maalumu miezi na miezi kuona kama itadumu, na kwa nchi zenye hali ya hewa ya wastani kabati huwekwa nyuzi 25 na unyevu asilimia 60, kwa nchi za joto na unyevunyevu mwingi sana nyuzi 30 na asilimia 75. Sasa njoo Arua Januari uingie duka la dawa la mabati saa nane mchana halafu uniambie ni kabati gani linafanana na pale. Nani atakaa alichunguze hilo kama sio sisi tunaolala chini ya mabati hayo?

Kwangu mimi njia haikuwa laini. Nilipokuwa nafanya mazoezi ya kazi mwaka mmoja hospitalini baada ya shahada, niliambiwa nitengeneze marhamu ya ngozi, nikafuata kila kitu kama kilivyoandikwa kitabuni, na kesho yake mchana makopo yote yametengana, mafuta juu, dawa imekaa chini kama mchanga. Mgonjwa mmoja alikuwa ameshachukua lake. Nilimfuata mpaka kwao kwa boda nikambadilishia, bibi mmoja mpole sana, akaniambia mwanangu hata posho, ugali wetu huu, siku nyingine inatoka na madonge. Ile siku ndiyo niliyoamua nitasoma hili jambo mpaka nilijue. Uzamili ukafuata, halafu udaktari uliochukua miaka saba badala ya minne kwa sababu mashine niliyoitegemea iliharibika kwenye maabara fulani na kipuri kikasubiriwa karibu mwaka mzima, nikawa nafundisha mchana na kurudia vipimo usiku mahali pengine kwa kuomba. Mume wangu ndiye alikuwa anakuja kunichukua saa tano za usiku. Hayo hayaingii kwenye faili.

Kinachoingia ni kazi tunayofanya sasa, na hii naipenda kuliko zote nilizowahi kufanya. Haboba alipovuka kwenda Sudan alibeba mkebe wa mafuta ya shea, haya ya miti ya kwetu kaskazini na West Nile, watu wa Gulu wanayaita moo yaa. Alitupaka watoto wote wa kambi, upele, midomo iliyopasuka, visigino. Shea yetu ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi, ina asidi ya oleiki nyingi zaidi, ukiiacha juani inakuwa kama mafuta ya kupikia kabisa. Kwa hiyo mimi na mwanafunzi wangu wa uzamili tunajiuliza swali lile lile la 1961: tukitawanya asidi ya salisiliki, dawa ya choa na ngozi ngumu, ndani ya shea ya kwetu, itatoka kwa kasi gani?

Kifaa chenyewe ni cha kioo, kinaitwa seli ya Franz, kimesimama kama kikombe kidogo chenye tumbo. Tumboni unajaza maji ya bafa, yaani maji ambayo uasidi wake haubadiliki ovyo, juu unatandaza utando, juu ya utando unapaka marhamu, na maji ya uvuguvugu yanazunguka pembeni kuweka nyuzi 32, joto la ngozi ya mtu. Adui mkubwa ni kiputo cha hewa chini ya utando. Kikikaa hapo hata kama ni kidogo kama punje ya ulezi, dawa haipiti pale, na wewe utaandika namba za uongo bila kujua. Mwanafunzi wangu amejifunza kuinamisha ile seli taratibu, kidole kimoja kikigonga kioo, mpaka kiputo kitambae kipande kwenye mkono wa pembeni kitoke. Mara ya kwanza alitumia dakika 40 kwa seli moja. Sasa anafanya sita akiwa anaongea na mimi.

Tunachota sampuli saa ya 1, ya 4, ya 9, ya 16 na ya 25, kwa sababu vipeuo vyake ni 1, 2, 3, 4, 5 na grafu inakaa vizuri machoni. Kila sampuli tunadondoshea kloridi ya chuma, na asidi ya salisiliki ikikutana nayo inageuka zambarau. Kadiri dawa ilivyotoka nyingi ndivyo zambarau inavyokolea. Ukizipanga zile mirija tano kwenye kishikizo, kutoka rangi ya maji mpaka rangi ya ua la biringanya, unaiona fomula ya Higuchi kwa macho kabla hata hujaingiza kwenye spektrofotomita, ile mashine ya kupima ukolevu wa rangi.

Alhamisi mwanafunzi alilala maabara, na saa nne usiku umeme ukakatika lakini jenereta ikawahi, tulishapoteza majaribio mawili hivyo mwaka huu. Ijumaa asubuhi ananipigia sauti imeshuka, mwalimu, saa ya 1 mpaka ya 16 mstari umenyooka kabisa, ila saa ya 25 umepinda, umeanguka chini, seli zote sita. Nikamwambia usifute kitu, nakuja.

Tukapiga hesabu. Kufika saa ya 16 dawa iliyokuwa imetoka ilishapita asilimia 60 ya ile tuliyoweka. Fomula ile inashika wakati bado kuna akiba nyingi ndani ya marhamu, ikianza kwisha mstari lazima upinde. Alikuwa hajakosea mahali. Tutapaka tabaka nene zaidi turudie Jumatatu.

Jioni mama alinipigia, ameshafika Arua salama, watoto wakapiga kelele za kumsalimia, halafu akauliza ile dawa yenu imefikia wapi. Nikamwambia mama mstari umenyooka siku nzima halafu mwishoni ukapinda.

"Si kuni zimekwisha," akasema.

Nikamwambia ndiyo mama, kuni zimekwisha. Akaniuliza basi atume mafuta kiasi gani. Kilo mbili, nikamwambia, ya yule mama wa soko la Arua anayekamua bila kuchoma mbegu sana, na ayafunge kwenye chupa nyeusi, basi la usiku, yasikae kwenye jua.